MAZIWA YA NG'OMBE YANAPOMUDHURU MUTOTO
Mazungumzo na wamama wanaokuja kupimisha watoto, Bunyakiri

 Ninajua wengine mumetoka nyumbani giza ikingali, na mvua ya usiku imeharibu njia. Basi mukae vizuri. Mutoto akilia, umunyonyeshe pale pale. Hapa hakuna haya.

Leo sitasema juu ya malaria wala juu ya chanjo. Nitasema juu ya ugonjwa usiopata watoto wengi. Lakini wale unaowapata wanaweza kufa tukikosea. Ni ugonjwa wa mutoto ambaye mwili wake unakataa maziwa ya ng'ombe.

Ninasikia wengine wanasema: "Munganga, ng'ombe iko wapi huku? Sisi ni watu wa pori, wa mihogo na mawese." Ni kweli. Lakini maziwa ya ng'ombe yanatufikia kwa njia zingine. Kopo la maziwa ya unga linalouzwa sokoni Bulambika, ni ng'ombe. Fromaji ya Masisi, ni ng'ombe. Maziwa ya mugando, yale wanaita mashanza kule Bushi, ni ng'ombe. Karibu kila kopo la mutoto muchanga, hata kama ni la bei kali, limetengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe. Na maziwa tunayowapa hapa hospitali watoto wenye bwaki, nayo ni ya ng'ombe.

HABARI YA MUTOTO MUMOJA

Bibi mumoja alitufikia toka upande wa Hombo, na mujukuu wa miezi miwili. Mama wa mutoto alikufa wakati wa kuzaa. Bibi alinunua maziwa ya unga sokoni, akamupa mutoto kwa bibero. Siku za kwanza ilikuwa vizuri. Kisha mutoto akaanza kutapika kila mara. Ngozi ya mashavu ikawa nyekundu na yenye kutoa maji. Katika choo chake kukawa nyuzi nyuzi za damu pamoja na makamasi. Kila juma alipopimwa, kilo haikupanda.

Majirani walisema mengi. Mumoja alisema: "Ni mama yake anamwita." Mwengine alisema: "Acha ya ng'ombe, umupe ya mbuzi." Bibi akauza kuku, akatafuta maziwa ya mbuzi. Mutoto akazidi kuharibika.

Hapa hospitali tulimutunza kwanza juu ya kuhara damu, kwa sababu huo ndio ugonjwa tunaouona kila siku. Damu haikuisha. Ndipo dokta akafikiri juu ya maziwa yenyewe. Yaliposimamishwa na kopo maalum likaletwa toka Bukavu, mutoto aliacha kutapika. Siku chache nyuma, damu ikaisha. Tukafurahi. Bibi akarudi nyumbani na makopo mawili.

Sasa musikie kosa langu mimi. Nilimufundisha bibi kupima unga na maji, akajua vizuri sana. Lakini sikumwuliza: "Mama, makopo hayo yakiisha, utafanya nini?" Juma la tatu alirudi, na mutoto amepungua nusu kilo. Hakulia tena kwa nguvu. Nikamwuliza: "Unatia vijiko vingapi?" Bibi akainamisha kichwa, akasema: "Munganga, nilitia kimoja pahali pa vitatu, ili kopo lisiishe mbio." Hakuwa mama mubaya. Alikuwa maskini, naye alipenda mujukuu wake. Lakini mutoto alikuwa anakunywa maji yenye rangi ya maziwa.

Nitawaambia mwisho wa habari hii. Lakini mbele ya hiyo, tujue ugonjwa wenyewe.

ALERJI NI KITU GANI?

Mungu ameweka askari ndani ya mwili wa mutu. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vya ugonjwa. Kwa watoto wengine, askari hawa wanakosea. Wanaona maziwa ya ng'ombe, wanafikiri ni adui, wanaanza vita. Vita hiyo ndiyo tunaita alerji. Si uchawi. Si laana. Si kosa la mama. Tena si uchafu wa maziwa: hata yakitokoteshwa vizuri, mutoto wa namna hii anaweza kuyakataa.

Kitu kinachokataliwa ni protini za maziwa, yaani kile chakula cha kujenga mwili kinachokaa ndani yake. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana sana na zile za ng'ombe. Ndiyo sababu maziwa ya mbuzi hayakumusaidia mujukuu wa yule bibi. Ya kondoo ni vile vile.

Katika nchi walizohesabu vizuri, watoto wa namna hii hawafiki watatu katika watoto mia. Basi ni wachache.

ALAMA ZAKE

Kuna alama za mbio na alama za polepole.

Alama za mbio zinaonekana nyuma ya dakika chache, ao mbele ya saa mbili kupita: mapele yanayovimba mwili mzima, mudomo na macho kuvimba, kutapika kwa nguvu, kukohoa, kupumua kwa shida, mutoto kulegea. Mama, ukiona mutoto anavimba uso na kupumua vibaya, usingoje kesho. Mukimbize hospitali saa ile ile. Tena usijaribu kumupa maziwa yale nyumbani hata siku moja tena.

Alama za polepole zinakuja nyuma ya saa nyingi ao siku: kutapika kila siku, kuhara kusikoisha, damu na makamasi katika choo, ngozi kuwasha na kutoa maji, kilia cha siku nzima, na kilo kukataa kupanda.

SI KILA KUHARA NI ALERJI

Musitoke hapa na kusema: "Mutoto wangu anahara, basi ni alerji." Hapana! Huku kwetu, kuhara mara nyingi kunatoka kwa maji machafu, bibero isiyosafishwa vizuri, ao vijidudu. Mutoto mwenye kuhara anapaswa kunyonya zaidi, kunywa maji ya serumu, na kupata vidonge vya zinki. Mutoto mwenye kuhara damu aletwe hospitali siku ile ile.

Hakuna mutu anayeweza kujua alerji kwa kutazama uso wa mutoto. Munganga anauliza, anasimamisha maziwa ya ng'ombe kwa juma mbili mupaka ine, anaangalia. Mutoto akipona, munganga anaweza kujaribu tena kidogo. Alama zikirudi, hapo tunajua. Ikiwa alama zilikuwa za mbio, jaribio hilo linafanyika hospitalini tu.

IKIWA UNANYONYESHA, USIACHE

Hapa ndipo wamama wengi wanakosea. Mutoto anayenyonya tu anapata mapele ao damu kidogo katika choo. Watu wanasema: "Maziwa yako ni mabaya, umuondoe kwenye ziwa, ununue kopo." Mama mukwe anasema vile, muuzaji anasema vile. Wamama, hiyo ni kumutoa mutoto kwa moshi na kumutupa motoni! Kopo unalonunua ni maziwa ya ng'ombe yenyewe.

Maziwa ya mama si mabaya. Ni kwamba chakula anachokula mama kinaweza kupitisha kidogo sana cha ng'ombe ndani ya maziwa yake. Basi munganga akifikiri hivyo, dawa yake ni hii: mama aache chai ya maziwa, maziwa ya unga, mashanza, fromaji, siagi, na mikate ao biskuti zilizotiwa maziwa. Aache kabisa juma mbili mupaka ine, na aendelee kunyonyesha muchana na usiku. Watoto walio wengi wanapona hapo, bila kopo na bila franka moja.

Na wewe mama, kula vizuri ili mifupa na nguvu zako zisipungue. Sambaza wa ziwa Kivu, waliwe na mifupa yao. Lengalenga, sombe, maharagi, soya, karanga, mafuta ya mawese. Hivi viko shambani na sokoni.

MAZIWA MAALUM NI NINI, NA NI YA NANI?

Kuna makopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa namna hii. Fikiri protini ya maziwa kama mukufu wa shanga. Askari wa mwili wanajua mukufu ule, wanaupiga. Katika kopo la kwanza, wamekata mukufu vipande vidogo vidogo, na askari hawautambui tena. Watoto walio wengi wanapona kwa hilo. Katika kopo la pili hakuna mukufu kabisa, ni shanga moja moja. Hilo ni la wale wachache wagonjwa sana.

Maziwa haya ni ya mutoto ambaye hawezi kupata ziwa kabisa, na ambaye dokta ameona kweli kwamba anakataa ya ng'ombe. Si ya kila mutoto anayetapika. Na musidanganywe sokoni:

Kopo lenye maandishi "sans lactose" si dawa ya alerji. Wameondoa sukari ya maziwa tu, protini ya ng'ombe ingali ndani.

Kopo lenye maandishi "HA" silo dawa pia. Mukufu haujakatwa vya kutosha.

Maziwa ya soya ya kutengeneza nyumbani, maji ya muchele, uji mwepesi na maji ya sukari haviwezi kulisha mutoto muchanga. Hata kopo la soya la watoto halipewi mutoto asiyetimiza miezi sita, isipokuwa dokta akisema.

KAMA DOKTA AMEKUPA KOPO HILO

1. Nawa mikono kwa sabuni. Tokotesha maji, na uoshe kikombe na kijiko kwa maji ya kutokota. Tumia kikombe, acha bibero. Kikombe kinasafishwa mbio, bibero inaficha uchafu.

2. Acha maji yaliyotokota yapoe kidogo, lakini yasipite nusu saa. Yanapaswa kuwa ya moto bado, ili yaue vijidudu vilivyo ndani ya unga. Kama kopo linaandika namna ingine, muombe munganga akusomee.

3. Pima maji kwanza, kisha unga. Tumia kijiko kilicho ndani ya kopo lile lile, kilichojaa sawasawa, bila mulima. Hesabu ya vijiko ni ile iliyoandikwa kwenye kopo. Usizidishe, maana utachosha mafigo ya mutoto. Usipunguze, maana utamuua kwa njaa na tumbo limejaa.

4. Poza kikombe ndani ya maji ya baridi, na udondoshe tone kwenye mukono wako. Mupe mutoto polepole, akiwa ameketi juu ya magoti yako. Yanayobaki, yamwage. Yaliyotengenezwa yasipite saa mbili.

Sasa tuhesabu pamoja, maana hesabu hii ndiyo niliyosahau kuifanya na yule bibi. Mutoto muchanga anahitaji karibu mililita 150 kwa kila kilo ya mwili wake, kila siku. Mutoto wa kilo ine anahitaji mililita 600, yaani mililita 75 mara nane. Kopo la gramu 400 litamaliza karibu siku tano tu. Hiyo ni makopo sita kwa mwezi, na mutoto akikua yataongezeka. Na kopo linatoka Bukavu, linapita Miti, linavuka pori la Kahuzi-Biega. Mvua ikikata barabara, ao vita ikiifunga, kopo halifiki.

Basi mbele ya kufungua kopo la kwanza, jamaa yote ikae: baba, mashangazi, wajomba. Waulize: kopo la pili liko wapi? La sita liko wapi? Baba asiseme: "Hiyo ni kazi ya wanawake." Na kama hakuna jibu, mutuambie bila haya. Mama anayesema, "Munganga, kopo limebaki kidogo," hajakosa. Ameokoa mutoto wake.

MWISHO WA HABARI YA BIBI

Tulipoona kwamba makopo hayatatosha, tuliwaita watu wa jamaa. Akaja mama mudogo wa mutoto, aliyekuwa ameachisha mutoto wake muda si murefu. Akasema: "Lakini munganga, maziwa yangu ilikauka." Tukamwambia: "Ziwa si kisima kinachokauka milele. Mutoto akinyonya, maziwa yanarudi."

Tulimupima damu kwanza juu ya virusi vya ukimwi, maana mwanamuke anayetaka kunyonyesha mutoto wa mwengine anapaswa kupimwa. Damu ilikuwa safi. Akaanza kumuweka mutoto kwenye ziwa mara kumi na hata kumi na mbili, muchana na usiku. Mwanzoni yalitoka matone tu. Tukaendelea kumupa mutoto maziwa maalum kwa kikombe, kwa kipimo kamili, na kumupima kilo mara kwa mara. Kadiri maziwa ya mama mudogo yalivyoongezeka, sisi tulipunguza kikombe polepole. Juma la tatu, mutoto alikuwa anakojoa mara sita na zaidi kwa siku, na kilo ilikuwa inapanda. Tukaacha kopo. Mama mudogo aliacha chai ya maziwa, basi. Mutoto yule sasa anatembea.

Ninyi munaosoma Biblia munamukumbuka Musa, mutoto wa kisanduku mutoni. Binti ya Farao alikuwa na mali yote ya Misri, na ng'ombe hawakukosekana. Lakini mutoto alipolia, alitafutiwa mwanamuke wa kumunyonyesha. Hekima hiyo ni ya zamani, nayo ingali hekima leo.

MUTOTO AKIFIKIA MIEZI SITA

Muanzishe chakula kama watoto wengine. Uji wa masoso, ule wa mahindi, sorgho na soya, ni muzuri, lakini soya umujaribishe kidogo kidogo kwanza, maana watoto wengine wanaokataa maziwa wanakataa soya pia. Tia unga wa sambaza, karanga za kusaga, yai, maharagi yaliyopondwa, na mafuta ya mawese. Usitie maziwa ya unga katika uji wake.

Neno lingine kubwa. Mutoto mwenye alerji akiangukia bwaki, ao akikonda sana, umwambie munganga mulangoni: "Huyu anakataa maziwa ya ng'ombe." Maziwa ya F-75 na F-100 yanatengenezwa kwa unga wa maziwa ya ng'ombe, na Plumpy'Nut ina unga huo pamoja na karanga. Sisi tutatafuta njia ingine. Lakini ninyi wengine, musiogope! Kwa watoto karibu wote wenye bwaki, chakula hicho ndicho kinachowaokoa. Musiwanyime.

JE, UGONJWA HUU UNAISHA?

Ndiyo, mama. Watoto walio wengi wanapona wenyewe, wengi wao mbele ya kutimiza miaka mitano. Askari wa mwili wanajifunza. Ndiyo sababu tunajaribu tena nyuma ya miezi, kwa uongozi wa munganga. Usijaribu peke yako, na usimuache bibi ao jirani ajaribu kwa siri.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Ziwa la mama ni la kwanza. Alerji haikuambii uache kunyonyesha, inakuambia wewe mama uache maziwa ya ng'ombe.

Maziwa ya mbuzi hayaponyeshi alerji ya ng'ombe.

Maziwa maalum ni ya wachache, na dokta ndiye anayeyaandika.

Kijiko kimoja pahali pa vitatu ni njaa. Kopo likikaribia kuisha, uje utuambie.

Mutoto asiye na mama anaweza kupata mama mwengine wa kumunyonyesha. Tupime damu, kisha tuanze.

Mutoto akivimba uso na kupumua kwa shida, hospitali saa ile ile.

Wamama wapenzi, nimemaliza. Mwenye ulizo aulize sasa, ao anifuate kando kama anasikia haya. Na kama katika kijiji chako kuna mutoto aliyeachwa na mama, anayelishwa maji ya sukari ao maziwa yanayomudhuru, usipite tu. Umwambie bibi yake aje naye. Hata asipokuwa na kopo wala franka, aje. Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.